Kuazimana na kukodishana kinanda, gitaa na vyombo vingine bila kugombana

Kinanda changu kilirudi Jumatatu jioni kikiwa kwenye begi lake, kimefutwa vumbi vizuri kabisa, na asante nyingi juu. Nikakipokea mlangoni, tukapiga stori mbili tatu, jamaa akapanda boda akaondoka. Usiku nachomeka nijifunze wimbo wa Jumapili, hakiwaki. Jasho likanitoka. Nageuza adapta nasoma maandishi ya nyuma naona 12V, wakati kinanda changu kinakula 16V. Kumbe kule kwenye sendofu kulikuwa na vinanda viwili, wakati wa kufunga vyombo saa saba usiku watu wamechoka wamekusanya adapta gizani, yangu ikaenda na kinanda kidogo cha mtu mwingine huko Mbagala. Tukampata kwenye simu kabla hajachomeka, maana 16V ikiingia kwenye kinanda cha 12V unaweza kukiua palepale.

Sasa nikikaa nikifikiria, siku ile mlangoni nilikuwa na dakika tano za kuchomeka kinanda mbele yake na sikuzitumia kwa sababu moja tu, niliona haya. Ningeonekana simuamini. Na hata siku ya kumpa sikuhesabu vitu, haya hizohizo. Tangu hapo nimekodisha na kuazima sana, vyangu kwenda kwa watu na vya watu kuja kwangu, na karibu kila ugomvi nilioushuhudia haukuanza kwa wizi wala roho mbaya, ulianza kwa watu wawili wanaojuana kuoneana haya mlangoni. Kwa hiyo karibu yote nitakayosema hapa ni namna ya kuzipita hizo haya.

Kwanza tuseme ukweli, kupiga chombo cha mwenzako kwetu si jambo la ajabu. Enzi za bendi kubwa za dansi wanamuziki wengi hawakuwa na gitaa lao, vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. NUTA Jazz iliyoanza 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, mpigaji ni mwajiriwa wa mshahara, akihamia bendi nyingine anaacha gitaa pale analikuta lingine kule. Ndiyo maana mpaka leo kwenye bendi ukisema "vyombo" kila mtu anajua huongelei sahani na sufuria. Tofauti ni kwamba zamani mwenye vyombo alikuwa taasisi, leo mwenye vyombo ni wewe umejibana miezi minane ukanunua kinanda Kariakoo, kikiharibika hakuna ofisi ya kukulipia.

Kitu cha kwanza kabla hata hujaongea bei, mkubaliane hili ni la kuazima au la kukodi. Usicheke, hapa ndipo watu wanaponasa. Jamaa anakupigia, "kaka naomba kinanda Jumamosi, nitakuona." Sasa "nitakuona" ni shilingi ngapi? Wewe kichwani una elfu arobaini, yeye ana soda na elfu kumi ya vocha, na wote mnaona mmeelewana. Muulize palepale kwa upole, "sawa mwalimu, hii ni ya kanisa au mnalipwa?" Akisema wanalipwa na wewe unalipwa. Kama ni mazoezi ya kwaya au msiba, mimi naazimisha bure na nasema wazi kwamba ni bure ili asije akaona nina kinyongo. Ila bure haina maana ya bila masharti, makabidhiano ni yaleyale.

Bei kila mtu ana hesabu yake. Mimi naangalia kama leo ningekiuza mtumba ningepata ngapi, halafu siku moja natoza kama asilimia mbili au tatu ya hiyo. Kinanda ambacho ningekiuza milioni moja na laki nane kinatoka kwa elfu arobaini mpaka hamsini kwa siku, wiki nzima siitozi mara saba, natoza kama siku nne. Depoziti ni kitu tofauti na bei na ni lazima uitaje mapema maana mtu akifika mlangoni na elfu arobaini yake ndiyo unamwambia weka na laki mbili ya dhamana ataona umemtegea. Hiyo hela itumwe kwa simu, isitoke mkononi, ili ujumbe wa muamala ubaki kwa wote wawili na wakati wa kurudisha hakuna wa kusema nilikupa laki na nusu. Kwa rafiki wa karibu siombi depoziti, ila hapo ujue umejitolea, usije ukalalamika baadaye.

Haya, makabidhiano. Hapa usikimbie.

Siku ya kutoa, mwambie aje kama nusu saa kabla ya muda anaotaka kuondoka, na asije dogo aliyetumwa, aje mwenyewe au mtu atakayekipiga. Weka kila kitu mezani au hata kwenye mkeka: kinanda, adapta, waya wa adapta kama unachomoka, pedali, stendi, begi, flashi kama unampa, waya za jeki za kwenda kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti. Halafu tumia sentensi hii ambayo imeniokoa sana, "tuhesabu pamoja ili na mimi nisije nikakusingizia." Yaani unageuza kibao, unamlinda yeye. Hakuna mtu amewahi kununa kwa hiyo sentensi. Washa chombo mbele yake, piga noti zote kuanzia kushoto mpaka kulia polepole, kama kuna noti inayogoma au kitufe kinachobonyezwa mara mbili mwonyeshe sasa hivi. Mwonyeshe na mikwaruzo. Hata Sheria ya Mikataba yetu, Sura 345, iko hivyo, mwenye mali anatakiwa aseme kasoro anazozijua na anayechukua anatakiwa aitunze kama mtu mwenye akili zake anavyotunza mali yake.

Chukua video moja ya dakika mbili, simu inapita juu ya vitu vyote, inaonyesha kinawaka, inaishia kwenye namba ya siriazi iliyo chini au nyuma ya chombo. Mtumie hapohapo kwa wasap. Hiyo video ikishakaa kwenye simu zote mbili ina nguvu kuliko maneno ya mashahidi watano.

Na maandishi. Watu wanaogopa neno mkataba, wanaona kama mahakama, mimi naandika meseji tu ya kawaida naye anajibu "nimekubali", iko hivi:

"Mimi (jina), naishi (mtaa), nimepokea kwa (jina) kinanda (aina na namba ya siriazi) pamoja na adapta 1, pedali 1, stendi 1, begi 1, vyote vinafanya kazi isipokuwa (kasoro). Natumia kwa (shughuli, mahali). Nitarudisha tarehe (…) kabla ya saa (…). Nimelipa (…), dhamana (…). Kikipotea au kikiharibika mkononi mwangu nitatengeneza kwa fundi tutakayekubaliana au nitalipa thamani yake ambayo ni (…). Sitamwazimisha mtu mwingine. Nikichelewa nitalipa (…) kwa kila siku."

Basi. Sehemu ya thamani usiiache wazi hata kidogo, maana kikishapotea kila mtu anakuwa na bei yake, mwenye mali anataja bei ya dukani ya kipya na aliyepoteza anataja bei ya mtumba aliyoisikia kwa mtu. Kama ni mtu usiyemjua vizuri omba picha ya kitambulisho cha NIDA na ujue anapokaa, na kama ni kwa miezi, mpitie mjumbe au serikali ya mtaa wake. Kitambulisho chenyewe usikishikilie, mwache nacho, anakihitaji.

Sasa mambo ya chombo kimojakimoja, naanza na kinanda kwa sababu ndicho nakijua na ndicho kinachozunguka sana. Adapta iandike jina lako kwa maka na uizungushie plasta ya rangi, nyekundu au ya njano, ionekane hata usiku. Juu ya kinanda karibu na tundu la umeme bandika kipande cha plasta umeandika voti zake. Yamaha kubwa za PSR-S na SX ni 16V, zile ndogo za PSR-E ni 12V, Casio nyingi za zamani ni 9V na zingine plasi na hasi zimegeuzwa, kwa hiyo kichwa kuingia tunduni hakumaanishi ni adapta yake. Pili, kabla hakijatoka hamisha kila kitu chako kwenye flashi, zile registresheni, yaani mipangilio ya sauti uliyoihifadhi, zile staili, yaani midundo ya kusindikiza, za seben na mchiriku ulizonunua kwa hela au ulizobembeleza wiki nzima. Watu hawalijui hili: kwenye hizo PSR-S ukishikilia noti ya mwisho ya kulia huku unawasha, kinanda kinarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na mtoto wa Sunday school akichezea chezea anaweza kukuvurugia mipangilio yako bila mtu yeyote kujua nani alifanya. Tatu, pedali ichomekwe kinanda kikiwa kimezimwa na mguu usiwe juu yake wakati wa kuwasha, ukiikanyaga wakati huo inageuka, ukiachia sauti inavuta, ukikanyaga inakata, na jamaa atakupigia katikati ya ibada kwamba umempa kinanda kibovu.

Halafu umeme. Kwenye harusi za ukumbini na za uwanjani kinachoua vinanda ni jenereta na ule umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Mwambie wazi: umeme ukikatika chomoa, subiri urudi utulie kama dakika mbili ndiyo uchomeke. Kama wana stabilaiza kinanda kikae humo, kisikae kwenye eksitensheni moja na friji la vinywaji na taa za MC. Na kabla jeki haijaingizwa au kuchomolewa fundi mitambo ashushe sauti kwenye mikisa, ule mlio wa "PAA" unaousikia ni spika za watu zinaumia.

Kwa shughuli kubwa yenye watu wengi ninachofanya siku hizi ni kwamba kinanda kinatoka na mtu wake. Naenda mwenyewe au namtuma kijana wangu, kazi yake ni kukaa nyuma ya jukwaa, kufunga, kufungua na kurudi nacho. Naongeza elfu ishirini kwenye bei na mara nyingi wanaokodi wanafurahi maana wamepata na mtu wa kushughulika na waya.

Gitaa lina mambo yake. Nyuzi ni kama mafuta ya gari, zinaisha, kwa hiyo semeni nani ananunua. Kwetu mimi na wenzangu, chini ya wiki ukikata uzi unaweka uzi, zaidi ya mwezi unarudisha na seti mpya. Huku pwani chumvi ya hewani na jasho la mkono vinakula nyuzi haraka, kwa hiyo ukimaliza kupiga pitisha kitambaa kikavu, sekunde kumi tu. Gitaa la mbao lisiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, gundi inalegea na daraja, kile kipande nyuzi zinapoanzia, kinaanza kunyanyuka, ukiona karatasi inapita chini yake ujue kazi imeshaanza. Besi isipandishwe boda ikiwa imening'inia mgongoni kwa begi la kitambaa. Besi ya rafiki yangu ilivunjika kichwa pale tu boda ilipopita chini ya turubai la mama lishe, dereva kainama, abiria kainama, besi haikuinama. Panda bajaji.

Udi kama uko Zanzibar au Mombasa na unaazima, huo usiuchukulie kama gitaa. Mbao zake za mgongoni ni nyembamba sana, haubebwi bila sanduku gumu, na usiguse vigingi kama hujui kuutyuni, mwache mwenyewe akutyunie kabla hujaondoka. Kama hujawahi kuupiga na unataka kujaribu tu, nenda kajifunze kwanza kwa mwalimu mwenye wake, kwa mfano pale Mji Mkongwe kipo chuo cha muziki cha nchi za jahazi, Dhow Countries Music Academy, kimekuwepo tangu 2002 na udi, kanuni ile ala ya nyuzi nyingi, na fidla zinafundishwa.

Tarumbeta na saksafoni, mdomo wa kupulizia ni kama mswaki. Aliye na uwezo anunue wake, asiye na wake auoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla na baada, mate ya ndani yamwagwe, na ule mwanzi wa saksafoni, kile kipande chembamba kinachofungwa kwenye mdomo wake, hauazimwi, unanunuliwa, mwisho wa habari. Ngoma za kuwamba na ngozi zisilale kwenye sakafu yenye unyevu, na kama wapigaji wanazipasha moto ili zikaze, anayezipasha awe mzoefu, maana ngozi ikipasuka hakuna fundi wa kuiziba, inawambwa upya. Dramu seti sina la kusema zaidi ya hesabu nati na vishikizo vya matoazi, vinapotea kama vifungo vya shati.

Kama wewe ndiye unayeazima, kuna adabu zake. Omba mapema, msimu wa Krismasi, Pasaka na baada ya Ramadhani harusi zinapokuwa nyingi usimpigie mtu Ijumaa ukitaka Jumamosi. Kijaribu nyumbani siku moja kabla, usikifungue kwa mara ya kwanza mbele ya bwana harusi. Usimpe mwingine "apige wimbo mmoja tu", maana kikiharibika kwenye huo wimbo mmoja anayelipa ni wewe. Na kikiharibika, simu yako ya kwanza impigie mwenye mali, si fundi redio wa mtaani kwako. Najua unataka kurekebisha kimyakimya ili aibu ikupite, nimewahi kufanya hivyo na gitaa la shemeji yangu, fundi akaunga waya wa pikapu, kile kifaa kinachonasa sauti ya nyuzi, kwa risasi nyingi kama anaziba sufuria, shemeji alipofungua akaona, na kilichomuudhi haikuwa waya, ni kwamba sikusema. Nilimlipia na bado mpaka leo nikiomba kitu anacheka kwanza kabla hajajibu.

Kuchelewa nako kunataka uwazi. "Kesho asubuhi nakuletea" ikishasemwa mara mbili, wewe mwenye mali fuata mwenyewe, usikae unapiga simu mpaka mtu anaanza kukuona msumbufu na simu zako hapokei. Fuata na boda, salimia, kunywa maji, beba chako. Nikijua Jumapili nakihitaji mimi, mwisho wa kurudisha naandika Ijumaa, siku moja katikati ni ya ajali.

Na kama mtu ametoweka nacho au umesikia amekiweka rehani, kusanya ile video, namba ya siriazi, meseji ya "nimekubali" na miamala, nenda polisi ufungue taarifa upate RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Ukienda mikono mitupu na ulimpa kwa mkono wako mwenyewe, mara nyingi utaambiwa hayo ni madai mkamalizane. Namba ya siriazi itume pia kwa mafundi vinanda na wauza mtumba unaowajua, vyombo vya muziki si kama simu, vinazunguka kwa watu walewale, kinanda cha wizi lazima kitafika kwa mtu anayemjua mtu anayekujua.

Kuna wanaouliza habari ya mwanafunzi anayetaka kukodi miezi mitatu ajifunze. Mpe chombo chako cha pili, si kile unachofanyia kazi, lipisheni kwa mwezi na hela itangulie, na kila mwisho wa mwezi akutumie video anakipiga. Unaona hali ya chombo na unaona kama anajifunza kweli. Akisema anataka kukinunua kidogokidogo, hiyo sasa ni biashara nyingine, andikeni karatasi nyingine yenye bei kamili na tarehe za kulipa, msichanganye hela ya kukodi na hela ya kununua kwenye maelewano yaleyale, mtapotezana kwenye hesabu mwezi wa nne.

Siku ya kurudisha fanya kilekile cha siku ya kutoa, mkeka uleule, video ya kwanza ikiwa wazi kwenye simu, washa, piga noti zote kushoto mpaka kulia, soma voti za adapta (mimi sasa hivi nasoma kwa sauti kabisa, jamaa zangu wananicheka), hesabu, kisha rudisha depoziti hapohapo kabla hajainuka kitini. Usimwambie nitakurushia jioni. Ukikata kitu kwenye depoziti mwambie ni cha nini na shilingi ngapi.

Begi lifungulie nje, uani, kabla hujaliingiza ndani. Kinanda kilichokaa wiki mbili kwenye stoo ya vyombo kinapendwa sana na mende, ndani kuna joto na giza na vumbi la biskuti za kwaya, na wanapita kwenye matundu ya spika. Kigeuze, kigongegonge kidogo kwa kiganja, kiache juani dakika tano tu, wakimaliza kutoka ndiyo uingize.